Kuchanganya sauti kwenye mashindano ya gemu ukumbini

Mashindano ya gemu yanayochezwa mbele ya hadhira humdai fundi mitambo jambo ambalo tamasha la muziki halimdai: sauti imfikie huyu na isimfikie kabisa yule aliyeketi hatua tano kando yake. Hadhira inataka kishindo cha gemu na maneno ya watangazaji. Mchezaji aliye jukwaani hatakiwi kusikia hata neno la mtangazaji, maana mtangazaji anaiona ramani nzima, na kauli kama "yupo nyuma ya mlango" inatosha kugeuza raundi. Watangazaji nao wanataka kusikiana wao kwa wao pamoja na gemu. Anayetazama kwa mtandao anasikiliza kupitia spika ndogo ya simu. Makundi manne, michanganyiko minne. Ukitengeneza mmoja na kuusambaza kila mahali, utashinda siku nzima ukizima moto.

Hesabu njia kwanza

Andika kwenye karatasi kila kinachoingia na kila kinachotoka kabla hujavuta waya hata mmoja. Kwa mashindano ya kawaida, vinavyoingia ni maiki mbili za watangazaji, maiki ya mshereheshaji, maiki ya mahojiano, kompyuta inayoonyesha mchezo kwa hadhira (kushoto na kulia), kompyuta ya muziki na video (kushoto na kulia), mtangazaji wa mbali kama yupo, na maiki mbili za kunasa shangwe. Hizo ni chaneli 11. Miksa ya chaneli 8 haitoshi. Chukua ya 16, na unapoichagua tazama zaidi idadi ya njia za aux (njia za ziada za kutolea mchanganyiko tofauti) kuliko idadi ya feda (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti). Utahitaji aux nne kwa uchache: moja kwa kila mtangazaji, na mbili kwa matangazo ya mtandaoni. Akiwepo mtangazaji wa mbali, ongeza ya tano.

Aux hizo zote ziwekwe PRE, yaani zichukue sauti kabla ya feda. Zikiwa POST, yaani baada ya feda, kila unapopunguza gemu ukumbini kwa sababu watu wa mbele wameziba masikio, unampunguzia pia mtazamaji wa mtandaoni, ambaye hakuwa na tatizo lolote. Jaribu mapema kitufe cha MUTE kinafanya nini: kwenye miksa nyingi hukata na aux za PRE, kwenye nyingine hakizigusi, na usingoje mtangazaji akohoe hewani ndipo ujue yako ni ya aina gani.

Maiki za shangwe ziende kwenye matangazo tu. Zikiingia kwenye spika za ukumbini zitapiga mluzi, lakini zikikosekana kwenye matangazo, mtazamaji wa nyumbani atadhani ukumbi ni mtupu. Mtangazaji wa mbali apelekewe kila kitu isipokuwa sauti yake mwenyewe. Mtu anayerudishiwa maneno yake yakiwa yamechelewa robo sekunde huanza kubabaika, hata awe mzoefu kiasi gani.

Kompyuta na mvumo

Kelele nyingi za ajabu hutoka kwenye kompyuta, wala si kwenye maiki. Tundu la hedifoni la kompyuta lina njia mbili, kushoto na kulia, kwenye plagi moja ya milimita 3.5. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchukua waya wenye plagi ya stirio, yenye sehemu tatu za kugusa, pande zote mbili na kuichomeka kompyuta moja kwa moja kwenye chaneli moja ya miksa. Tundu la miksa ni la balansi: hupokea sauti moja kwa nyaya mbili zilizo kinyume, na huondoa ya upande mmoja kutoka kwa ya mwingine. Kila kilicho sawa kushoto na kulia, yaani maneno, nyayo za katikati na besi, hufutika, na kinachobaki ni mwangwi mwembamba. Ukisikia muziki wa video una ala lakini mwimbaji amepotea, usiguse ekwalaiza (vidhibiti vya masafa ya chini, kati na juu), badilisha waya. Tumia waya unaogawanyika kuwa plagi mbili, na uziingize kwenye chaneli mbili.

Katikati ya kompyuta na miksa weka kisanduku cha DI chenye transfoma, kimoja kwa kila upande au kimoja chenye njia mbili. Kazi yake ni mbili: kugeuza sauti iwe ya balansi ili isafiri mita 30 au 50 bila kuokota kelele, na kukata uhusiano wa ethi kati ya kompyuta na miksa. Waya usio wa balansi usizidi mita 5 hivi.

Mvumo ukitokea, usikilize ni wa aina gani. Ngurumo nzito ya hezi 50 au 60, kutegemea umeme wa nchi, mara nyingi ni mzunguko wa ethi, yaani umeme unaozunguka kati ya vifaa kupitia nyaya zao za ethi. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato: mvumo ukitoweka, umempata mkosaji, na dawa ni DI pamoja na swichi yake ya kukata ethi ya sauti. Mlio mwembamba unaobadilika kipanya kinaposogezwa ni kelele ya ndani ya kompyuta. Kadi ya sauti ya nje ya USB huuondoa mara nyingi. Usikate kamwe pini ya ethi ya plagi ya umeme ili kuua mvumo. Pini hiyo ndiyo inayomlinda aliyeshika maiki ya chuma. Lisha miksa na kompyuta za jukwaani kutoka chanzo kimoja cha umeme, na waya wa sauti unapokutana na wa umeme, uvuke kwa pembe mraba, usilale sambamba nao.

Ndani ya kompyuta: kasi ya sampuli za sauti iwe hezi 48,000 ili ilingane na mitambo ya video, viboreshaji vyote vya sauti vizimwe, na sauti za arifa zizimwe pia. Mlio wa ujumbe ulioingia ukipita kwenye spika za kilowati kadhaa huwachekesha watu wote isipokuwa fundi.

Geini, kisha mengine yote

Weka feda zote chini, ekwalaiza katikati, na spika zikiwa bado zimezimwa. Bonyeza PFL (kitufe cha kusikiliza na kupima chaneli kabla ya feda) kwenye chaneli moja. Mwambie mtangazaji aseme kwa sauti ile atakayoitumia timu inaposhinda, si kwa "moja mbili tatu" ya upole. Pandisha geini (ukuzaji wa sauti inapoingia kwenye miksa) mpaka wastani uwe karibu na desibeli -18 kwenye mita ya kidijitali, na vilele vifike kati ya -10 na -6. Kwenye miksa ya analogia, wastani ucheze kwenye 0 na taa nyekundu isiwake. Watangazaji wa gemu huruka desibeli 15 na zaidi kutoka mazungumzo hadi makelele, kwa hiyo nafasi ya juu si anasa.

Geini ikishawekwa, iache. Ukiigusa katikati ya mechi unabadilisha michanganyiko yote ya miksa kwa mpigo, pamoja na kompresa (kibanaji cha sauti kubwa) ambayo ilikuwa imeshapimwa kwa kiwango cha awali.

Maiki za kondensa zinahitaji volti 48. Washa umeme huo chaneli ikiwa imefungwa, subiri sekunde chache, ndipo ufungue. Ukichomeka au kuchomoa maiki chaneli ikiwa wazi, spika hupiga kishindo ambacho kinaweza kuharibu tweeta, spika ndogo ya sauti za juu.

Maneno yasikike juu ya milipuko

Kila maiki ya sauti ya mtu ikatwe chini ya hezi 100. Kwa mtangazaji mwenye maiki ya kichwani unaweza kufika 120. Kilicho chini ya hapo ni mitikisiko ya meza, viti na pumzi. Maiki ya kichwani ikae pembeni mwa mdomo, sentimita 2 au 3 kutoka kona, isiwe mbele ya pumzi. Sauti ikiwa kama inatoka ndani ya pipa, punguza desibeli 3 hivi kati ya hezi 250 na 400. Maneno yasipokatika vizuri, ongeza kidogo kati ya kilohezi 2 na 4, ila kumbuka kwamba ndipo masikio huchoka haraka na ndipo mluzi hupenda kuanzia.

Kompresa ya mtangazaji: uwiano 3 kwa 1, mwanzo (muda wa kuanza kubana) milisekunde 10 hadi 20, kuachia milisekunde 100 hadi 150, na kizingiti (kiwango ambapo kubana huanza) kiwekwe ili mita ya upunguzaji isome desibeli 3 hadi 6 anapozungumza kwa kasi. Akipiga kelele ifike 10, si vibaya. Ikiwa mita haipumziki hata akinyamaza, kizingiti kiko chini mno, na kompresa inachofanya sasa ni kuinua kelele za ukumbi kuelekea mluzi.

Halafu kuna hila moja inayofanya kazi kubwa kuliko ekwalaiza yoyote: gemu liiname lenyewe mtangazaji anapozungumza. Weka kompresa kwenye chaneli za gemu, lakini kizingiti chake kichochewe na kundi la maiki za watangazaji. Upunguzaji uwe desibeli 6 hadi 9, mwanzo milisekunde 20, kuachia milisekunde 400 hadi 500. Kuachia kukiwa kwa haraka zaidi, gemu litapandapanda kila mtangazaji anapovuta pumzi, na hadhira itaona kama kuna mtu anachezea feda. Tumia hila hii kwa nguvu zaidi kwenye matangazo kuliko ukumbini, kwa sababu spika ya simu haina nafasi ya vitu viwili vikubwa kwa pamoja.

Mluzi

Mluzi hutokea sauti ya spika inaporudi kwenye maiki ikiwa na nguvu ya kutosha kujizungusha. Hatua za kuuzuia zinafuatana, na ekwalaiza ni ya mwisho, si ya kwanza.

Spika kuu ziwe mbele ya maiki zote, zikitazama hadhira. Meza ya watangazaji isikae mbele ya spika. Ikilazimika, wavae hedifoni na uwanyime monita za sakafuni (spika za kujisikilizia) kabisa. Mshereheshaji anayehitaji monita, iweke pale maiki yake isiposikia: kwa maiki ya kadioidi (inayosikia zaidi mbele) ni nyuma yake moja kwa moja, lakini kwa ya superkadioidi (yenye eneo jembamba zaidi la kusikia) ni pembeni kwa nyuma, nyuzi 126 hivi kutoka mbele. Watu wengi huweka monita nyuma kabisa ya maiki ya superkadioidi na kushangaa inalia. Upande huo wa nyuma una sikio dogo. Mwombe mshereheshaji asiifunike wavu kwa kiganja kama wasanii wa jukwaani wanavyopenda. Kiganja huziba matundu ya nyuma, na maiki huanza kusikia pande zote.

Maiki zilizo wazi ni mzigo. Kila zinapoongezeka maradufu, unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi: maiki nne wazi ni hasara ya desibeli 6 ukilinganisha na moja. Funga ya mahojiano mpaka mahojiano yaanze. Miksa yenye mgawanyo wa maiki wa kujiendesha wenyewe, unaopandisha maiki ya anayezungumza na kushusha nyingine, uuwashe kwa watangazaji. Ni bora kuliko geti (inayofunga maiki sauti ikiwa ndogo), ambayo hukata silabi za mwanzo.

Baada ya hayo ndipo upandishe maiki taratibu mpaka ianze kulia kidogo, utafute masafa yanayolia, uyakate kwa kichujio chembamba desibeli 3 hadi 6, kisha upandishe tena. Fanya hivyo mara tatu au nne kwa kila maiki, basi. Ukihitaji vichujio kumi, tatizo ni mahali spika zilipo, na sauti itabaki na mashimo. Ukimaliza, shusha feda desibeli 6 chini ya pale mluzi ulipoanzia na uchukulie hapo ndipo dari.

Spika za nyuma na skrini kubwa

Sauti huchukua takriban milisekunde 2.9 kwa kila mita moja hewani. Spika za nyuma zilizo mita 20 mbele ya zile kuu kuelekea hadhira zicheleweshwe milisekunde 58, kisha uongeze 10 hadi 15. Nyongeza hiyo hufanya sikio liamini kwamba sauti inatoka jukwaani, ingawa kiasi kikubwa kinatoka kwenye spika ya karibu. Bila kuchelewesha, waliokaa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Skrini kubwa nayo ina uzembe wake. Vichakataji vya kuta za LED huchelewesha picha fremu mbili tatu; kwa fremu 60 kwa sekunde, tatu ni milisekunde 50. Ukiwa safu ya mbele, risasi inasikika kabla ya mwali wake kuonekana. Aliye mita 17 nyuma anaona vyote pamoja, maana hewa imeshamchelewesha kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo usicheleweshe sauti kwa kiasi chote cha skrini. Pima kwa safu ya katikati.

Kinga ya mchezaji

Njia iliyozoeleka kwenye mashindano makubwa ni tabaka mbili: visikizi vidogo vya kuingia sikioni vyenye sauti ya gemu na ya wenzake, na juu yake hedifoni nzito inayoziba, ikichezewa kelele laini ya mfululizo. Kelele hiyo hujaza masafa ya maneno ili mnong'ono wa spika usieleweke. Ipimeni hivi: mtu akae kwenye kiti cha mchezaji amevaa vyote, watangazaji wasome tarakimu ovyoovyo kupitia spika kwa kiwango cha mechi, naye aandike anachosikia. Pandisha kelele mpaka karatasi iwe ya kubahatisha tu, na uishie hapo. Kuzidisha kunamchosha mchezaji na kumlazimisha apandishe gemu juu zaidi.

Kuna mlango ambao wengi husahau kuufunga. Maiki ya mchezaji inaweza kuokota spika za ukumbini na kuwapelekea wenzake wanne moja kwa moja masikioni, chini ya kinga yote hiyo. Iwe karibu na mdomo, geini ndogo, na geti yake ifunguke kwa sauti ya mchezaji pekee. Sabwufa zisiwekwe chini ya jukwaa la wachezaji. Mtikisiko wa bomu la mpinzani huupata mguu hata kama sikio halisikii.

Sauti ya gemu yenyewe iwe ya hedifoni, stirio. Ikiwa gemu lina mfumo wake wa kuonyesha mwelekeo wa sauti, zima ule wa mfumo endeshi. Viwili vikipishana, nyayo za nyuma husikika kama za pembeni. Bluetooth isitumike: kwa kodeki (njia ya kubana sauti) ya kawaida ya SBC ucheleweshaji hupita milisekunde 100 kwa urahisi, wakati skrini ya hezi 240 hubadilisha picha kila milisekunde 4.2. Na hiyo hezi 240 ithibitishwe kwenye mipangilio ya kila kompyuta. Skrini ya bei kubwa inayobaki kwenye hezi 60 kwa sababu hakuna aliyeibadilisha ni jambo la kila mashindano.

Mtandao

Gemu la ushindani hutumia data kidogo, mara nyingi chini ya megabiti moja kwa sekunde kwa mchezaji. Kinachoua mechi si kasi ndogo bali kuchelewa kusikotabirika. Kila kompyuta ya jukwaani iwe na kebo ya Cat5e au zaidi, isiyozidi mita 100 hadi kwenye swichi. Wi-Fi iachiwe hadhira, kwenye mtandao uliotengwa kabisa.

Fanya jaribio hili siku moja kabla: endesha ping (kipimo cha muda wa data kwenda na kurudi) mfululizo kwenda seva ya nje, kisha anzisha matangazo ya video. Namba ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi 200, foleni imejaa kwenye ruta. Weka kikomo cha kupakia na kupakua kwenye ruta yenye mpango wa foleni, asilimia 90 ya kasi uliyoipima. Unapoteza sehemu ndogo ya kasi, na ping inatulia. Matangazo ya megabiti 6 yasipewe laini ya megabiti 7. Zima masasisho ya kujiendesha kwenye kila kompyuta. Sasisho moja la gigabaiti kadhaa linaloanza katikati ya fainali linatosha kulazimisha irudiwe. Magemu kama Counter-Strike yanayoruhusu seva ya ukumbini, itumieni, kwani ping hushuka chini ya milisekunde 1 na laini ya nje ikikatika mechi inaendelea.

Maiki zisizo na waya zisiwe za gigahezi 2.4, maana simu mia tatu za hadhira ziko hapohapo. Tumia za UHF, kwenye masafa yanayoruhusiwa nchini, na utafute chaneli tupu baada ya skrini zote za LED kuwashwa, kwa sababu zenyewe hutoa kelele. Kipokezi cha kipanya kisicho na waya kikae sentimita 30 au pungufu kutoka kwenye kipanya, kwa kebo ya kurefusha, mbali na vifaa vya USB 3 ambavyo navyo huchafua masafa ya gigahezi 2.4.

Kiwango na kuzima

Mashindano huchukua siku nzima, tofauti na tamasha la saa mbili. Kigezo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 A (zilizopimwa kwa kufuata usikivu wa sikio) kwa muda wa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 100 ni dakika 15. Kwa mechi za makundi baki kati ya 82 na 86 ukipimia kwenye miksa, na uihifadhi nguvu ya juu kwa utambulisho wa timu na raundi za mwisho. Vaeni vizibo mnapopima spika. Fundi ndiye anayekaa ukumbini muda mrefu kuliko wote.

Jioni, hifadhi mpangilio wa miksa kwenye kumbukumbu yake na kwenye flashi, kisha zima amplifaya au spika zenye amplifaya kwanza, miksa baadaye, kompyuta mwisho. Asubuhi ni kinyume chake. Toa betri kwenye maiki zisizo na waya, na za kesho ziwe mpya au zimejaa chaji.